Mungu Aliyekuja Kukaa Nyumbani



Wanandoa wengi husali kila siku, lakini ukiwauliza Mungu wanamjua namna gani, hutaja mambo ya mbali: yuko mbinguni, ana nguvu, anaona yote, atatuhukumu. Hayo ni kweli. Lakini hata gavana twaweza kumweleza hivyo bila kupata kumpa mkono. Kujua habari za mtu siko kumjua mtu.

Tuchukue mfano tunaouona mara nyingi. Mume anafanya kazi Mombasa, mke yuko na watoto kijijini Busia. Mwisho wa mwezi pesa zinafika kwa simu. Karo inalipwa, mabati yananunuliwa. Lakini Krismasi ikifika na baba akatokea mlangoni, mtoto mdogo anajificha nyuma ya mama. Baba huyo si mtu mbaya. Anajinyima kwa ajili ya watu wake. Ila wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Pesa na salamu zaweza kutumwa, lakini mtoto hamjui baba mpaka awepo.

Sasa tazameni Mungu alivyofanya. Barua kwa Waebrania inaanza kwa kutukumbusha kwamba zamani Mungu alisema na mababu kwa vinywa vya manabii, na mwishowe akasema nasi kwa Mwana wake. Manabii walileta ujumbe. Mwana alikuja mwenyewe. Hili ndilo fumbo la Umwilisho: Mwana wa Mungu alitwaa mwili katika tumbo la Bikira Maria, akawa mtu kweli, ila bila dhambi. Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, ulifundisha kwamba Yesu Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili, nafsi moja. Hakuvaa ubinadamu kama mtu avaavyo koti la mvua, kisha akalivua mvua ilipokatika. Hata baada ya kufufuka aliwaonyesha mitume mikono na miguu yake, akala samaki mbele yao.

Kwa hiyo ukitaka kumjua Mungu, mtazame Yesu katika Injili. Alichoka safarini, akaketi penye kisima cha Yakobo. Alilala usingizi mashuani. Alikwenda arusini Kana, na divai ilipoisha hakuwaacha wenye arusi waaibike. Alilia penye kaburi la Lazaro. Filipo alipoomba aonyeshwe Baba, Yesu alimjibu kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Basi machozi yale ya Betania yanatuonyesha moyo wa Mungu mwenyewe.

Jambo hili lina uzito katika ndoa. Wako mume na mke waliofiwa na mtoto, na tangu siku ya mazishi hawajazungumza juu yake. Mume analia peke yake nyuma ya nyumba, mke analia jikoni. Kila mmoja anasema moyoni, "Mungu hajui uchungu huu." Ndugu zangu, anaujua. Hakuwaambia Martha na Maria wajikaze. Alilia pamoja nao. Nawe baba, ingia jikoni, vuta kiti, keti karibu na mama watoto. Huhitaji hotuba. Mtajeni mtoto kwa jina lake, halafu mwombeni pamoja huyo Yesu aliyelia.

Tena hesabuni miaka. Mtakatifu Luka anasema Yesu alikuwa na umri wa kama miaka 30 alipoanza kuhubiri. Karibu miaka yote ya kabla ya hapo aliishi Nazareti, kijiji ambacho Agano la Kale halikitaji hata mara moja. Watu walimjua kuwa seremala. Na nyumba ile haikukosa taabu. Yosefu aliwahi kufikiri kumwacha Maria kwa siri. Walikimbilia Misri usiku. Mtoto alipokuwa na miaka 12 walimpoteza, wakamtafuta siku tatu. Papa Paulo VI alipokwenda Nazareti tarehe 5 Januari 1964, alisema nyumba ile inatufundisha mambo matatu: ukimya, maisha ya jamaa na kazi. Basi usidhani nyumba yako ya vyumba viwili, yenye moshi na deni la duka, haifai kumpokea Mungu. Yeye alichagua kulelewa katika nyumba ya watu wa kazi.

Mfanye nini basi?

Kwanza, someni Injili pamoja jioni, mistari michache tu. Kila mmoja aseme amemwona Yesu akifanya nini. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza kujibu.

Pili, mwambieni Yesu mambo yenu waziwazi. Msiishie kwenye "ubariki familia yetu". Tajeni karo, ugonjwa wa nyanya, hasira ya jana.

Tatu, kaeni karibu. Simlaumu anayetafuta riziki mbali. Lakini akipiga simu asiulize habari za shamba tu. Azungumze na kila mtoto. Shule zikifungwa, familia imtembelee ikiwezekana. Na akija likizo, asiimalize yote kwa marafiki sokoni.

Nne, mpokeeni katika Ekaristi, ambamo yumo kweli, Mwili na Damu yake. Kama ndoa yenu haijafungwa kanisani, msikae nyuma miaka na miaka kwa aibu. Mwoneni padre au katekista wenu, mwanze safari.

Dominika tukisali Kanuni ya Imani huinama tunapotaja kwamba alipata mwili. Siku ya Krismasi na tarehe 25 Machi, sherehe ya Kupashwa Habari, hupiga magoti hapo. Dominika ijayo, unapoinama, mkumbuke yule uliyemwacha amekukasirikia nyumbani, au aliyeketi kando yako kwenye benchi. Kwa ajili ya huyo pia Mungu alijifanya mtu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Ni tendo gani la Yesu katika Injili linalokufanya umwone Mungu kuwa karibu?
2. Kuna uchungu gani ambao mwenzako anaubeba peke yake?
3. Juma hili mtapata wapi nusu saa ya kukaa pamoja bila simu wala redio?

Mungu azibariki nyumba zenu.