Tabibu na Mgonjwa Aulizaye Habari za Bangi

Ndugu msomaji, mfikiri mama mwenye saratani ambaye jamaa yake aliyeko Uingereza amemwambia kuwa mafuta ya bangi yaponya. Amwendea tabibu, amwuliza kwa haya: je, ni kweli? Tabibu akimfokea, mama atanyamaza, na mafuta atayatumia kwa siri. Akimkubalia ili kumridhisha tu, amemdanganya. Basi njia iliyonyoka ni ipi?

Kwanza yapasa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya: jani livutwalo ili kulewa, na dawa iliyotolewa katika mmea huo, ikapimwa na kujaribiwa. Katika bangi mna vitu vingi, na vilivyo mashuhuri ni viwili: THC, ambayo ndiyo ilevyayo, na kanabidioli, ambayo hailevyi.

Yaliyothibiti si mengi, walakini yapo. Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha dawa mbili za namna ya THC, zilizotengenezwa na wataalamu, za kutuliza kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa kali. Mwaka 2018 ikaidhinisha kanabidioli kwa aina mbili za kifafa kizito cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Ama kuhusu maumivu ya kudumu, wataalamu wamehitilafiana. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 ulikataza kuyatibu kwa THC. Na mwaka 2021 jopo jingine, katika jarida la waganga la BMJ, likasema mgonjwa aliyeshindwa na dawa za kawaida aweza kujaribu, lakini likakiri kuwa ushauri huo ni dhaifu. Na kuwa bangi yaponya saratani yenyewe, hilo halijathibiti kwa binadamu.

Palipo na hitilafu kama hii, tabibu na ashike haya.

La kwanza, aulize kwa upole mgonjwa atumia nini, wala asimwaibishe. Kanabidioli yaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na ikichanganywa na valproeti, dawa ya kifafa, yaweza kudhuru ini. Asiyeambiwa hawezi kuonya.

La pili, atenge lijulikanalo na lisilojulikana, wala asione haya kusema "sijui". Imam Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, alijulikana kwa kulisema neno hilo.

La tatu, awaonye zaidi mja mzito, anyonyeshaye, kijana, na aliyepata kuugua wazimu yeye au jamaa zake.

La nne, aeleze kuwa maandishi ya chupa si hoja. Mwaka 2017 wachunguzi wa Marekani walipima bidhaa 84 za kanabidioli. Zilizoandikwa kiasi chake sawasawa hazikufika hata thuluthi, na 18 zilikutwa na THC ndani yake.

La tano, pale sheria inaporuhusu na dawa nyingine zimeshindwa, aanze kwa kiasi kidogo, cha kumeza si cha kuvuta, aongeze polepole, na aweke siku ya kupima faida, isipoonekana, iachwe. Wala mgonjwa asiendeshe gari akiwa ametumia THC, wala asiache matibabu yaliyothibiti. Kwetu Kenya sheria ya mwaka 1994 yakataza bangi, na mgonjwa ana haki kuambiwa hatari hiyo pia.

Tena kuna jambo litugusalo sisi hasa. Mwislamu atauliza: je, kilevi chafaa kuwa dawa kwa dharura? Hukumu ni ya wanazuoni. Lakini mwanazuoni hataijua dharura ila kwa neno la tabibu mwaminifu: je, ipo dawa nyingine? Je, hii yafaa kweli? Tabibu akizidisha au akipunguza, hakumkosea mgonjwa peke yake, bali ameiharibu na fatwa.

Kwa hivyo, ewe mgonjwa, usimfiche tabibu wako. Nawe tabibu, usimfunge mgonjwa mdomo.