Mahindi Yanapodumaa na Mtoto Anapohara

Mkulima wa mahindi huenda amewahi kuona majani machanga yakitoka na mistari mipana iliyofifia, karibu kuwa meupe, pande zote mbili za uti wa jani. Mmea hudumaa, na mvua haikukosekana wala mbolea. Mara nyingi huo ni upungufu wa madini ya zinki.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Zao la hekta nzima halinyonyi hata kilo moja. Lakini zinki hufanya kazi ndani ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha shughuli za kemikali katika mmea na katika mwili wa binadamu. Mwaka wa 1940, Keilin na Mann waligundua huko Uingereza kwamba kimeng'enya kinachosaidia damu kusafirisha kaboni dayoksaidi hadi mapafuni kina zinki. Ukiitoa, kimeng'enya hicho hulala. Leo vinajulikana zaidi ya 300 vinavyoitegemea, vikiwemo vya kuunda chembechembe mpya. Ndiyo maana kinachokua haraka, jani changa au mtoto mdogo, huumia kwanza.

Udongo wenye chokaa nyingi huifunga zinki, na kurundika mbolea ya fosfeti kama DAP msimu baada ya msimu huweza kuzidisha shida. Hata inapofika kwenye punje, mahindi na maharagwe yana asidi ya faiti inayoishika isifyonzwe tumboni. Kuloweka nafaka, kuichipusha au kuichachusha hupunguza asidi hiyo. Uji mchachu wa nyanya zetu ulikuwa na faida kuliko tulivyodhani. Nyama na samaki, hata kidogo, husaidia.

Mtoto anayehara hupoteza zinki kwa wingi. Tangu 2004, WHO na UNICEF zinapendekeza apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya ORS. Hapa ndipo penye tatizo. Akina mama wengi ninaowahudumia huacha vidonge siku ya tatu, choo kinapokuwa kigumu. Mama, usiache! Siku zilizobaki hurudishia mwili akiba yake na kupunguza uwezekano wa kuhara tena miezi miwili au mitatu inayofuata. Yeyusha kidonge katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, kwa kipimo ulichoelezwa kliniki. Macho yakididimia, au mtoto akishindwa kunywa, mpeleke hospitali mara moja.