SOMO LA 31: Mlima mmoja, wasafiri watatu

Watoto, mbingu ikiwa safi, mtu wa Beni akitazama mashariki huona theluji ya Ruwenzori. Wasafiri wengi wamefika nchi hii ya mlima na mto Semliki. Lakini hawakutafuta jambo moja, kwa maana tabia zao hazikuwa moja.

Franz Stuhlmann, Mjerumani, alipenda kuchunguza. Mwaka 1891 alipanda mlima kutoka upande wa Semliki. Kileleni hakufika. Njiani alitazama mimea na kuikusanya, akaona jinsi inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda juu.

Luigi wa Savoia, wa ukoo wa wafalme wa Italia, alipenda kushinda vilele. Mwaka 1906 alipanda kutoka upande wa Uganda. Tarehe 18 Juni alisimama juu ya Margherita, kilele kikubwa kuliko vyote, mita 5,109. Lakini hakushinda peke yake. Wakonjo, ndugu za Wanande, walimbebea mizigo katika matope na baridi.

Jean de Heinzelin, Mbelgiji, alikuwa mvumilivu. Mwaka 1950 alichimba udongo Ishango, pale Semliki inapotoka katika ziwa Edward. Akapata mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizochanjwa na watu wa kale, yapata miaka 20,000 iliyopita. Mwenye haraka angaliupita.

Na ninyi je? Siku za vakansi mmoja hupenda kupanda vilima vya Butembo. Mwingine hupenda mpira. Mwingine hukaa na nyanya yake jikoni, akisikiliza hadithi. Msichekane. Vidole vya mkono havilingani, lakini vyote hushika jembe.

Hata hivyo, tabia itawaliwe na akili. Jasiri asimvute mwenzake penye maji ya kina. Mwenye kupenda kutembea aulize wakubwa kwanza, kwa maana tangu mwaka 2014 watu wengi wa upande wa Beni wameuawa mashambani na njiani. Kumtii mzazi anayesema «Leo usiende» si woga. Tuombee amani, ili kila mtu aweze tena kuchagua njia yake.

MASWALI
1. Kila msafiri alipenda nini?
2. Nani waliomsaidia Luigi?
3. Wewe hupenda kufanya nini siku za vakansi? Jambo hilo laonyesha tabia gani?