Bifu za Wasanii: Somo kwa Kamati Zetu na Vijana



Katika somo la robo hii tunatazama jambo ambalo vijana wa Ujiji wanalijua kuliko sisi wazee wao: nyimbo za kurushiana madongo. Msanii wa hip hop au bongo fleva anamchana mwenzake, mwenzake anajibu, na mashabiki wanagawanyika. Hiyo ndiyo bifu. Tusiipuuze kwa kusema ni mambo ya kidunia, kwa maana ugomvi wa namna hiyo unatokea hata kwenye vikao vyetu.

1. Mfano wa nyumbani

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliungana, wakihamasishwa na Zitto Kabwe, wakarekodi wimbo "Leka Dutigite". Miongoni mwao walikuwamo Ali Kiba na Diamond Platnumz. Miaka michache baadaye majina hayo mawili yalikuwa kambi mbili, Timu Kiba na Timu Diamond. Mwaka 2017, katika remiksi ya "Fresh" ya Fid Q, Diamond aliimba maneno ambayo wengi waliyaelewa kuwa ni dongo kwa Ali Kiba. Mwaka 2019 Diamond alitangaza kumkaribisha mwenzake kwenye tamasha lake. Ali Kiba alikataa hadharani, akitoa mfano wa mtoto anayekuibia penseli kisha anakusaidia kuitafuta. Tuangalie jambo moja: hata mkono wa upatanisho ulinyooshwa mbele ya umati.

2. Neno linasemaje

Mathayo 18:15-17 inatupa utaratibu. Ndugu akikukosea, kwanza uende kwake, ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua shahidi mmoja au wawili. Mwisho ndipo kanisa liambiwe. Bifu hugeuza utaratibu huo: umati husikia kwanza, na mhusika husikia pamoja nao.

Mithali 26:20 nayo inafundisha kwamba moto ukikosa kuni huzimika. Katika bifu kuni ni mashabiki. Wapo wasanii waliokuwa tayari kunyamaza, lakini timu zao hazikuwaruhusu.

3. Mpaka uko wapi

Wazee wetu hawakukataza maneno makali. Watani walitukanana mchana kutwa, lakini msiba ukitokea mtani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na kusaidia mazishi. Utani ulikuwa na mpaka na ulikuwa na wajibu.

Mpaka ukikosekana, hatari ni kubwa. Huko Marekani, Tupac Shakur alipigwa risasi akafa Septemba 1996, na The Notorious B.I.G. akauawa Machi 1997, baada ya kipindi kirefu cha uhasama kati ya kambi zao. Hatusemi kwamba nyimbo ndizo zilizoua. Tunasema kwamba wakati huo hapakuwa tena na mtu wa kuwakalisha chini.

4. Kwetu sisi

Kwaya zinashindana, kisha wanakwaya hawasalimiani. Mjumbe anakwaruzana na mweka hazina, na kabla hawajazungumza barua ya malalamiko imekwisha kumfikia mfadhili. Barua ya namna hiyo ni wimbo wa kuchana usio na mdundo. Mradi unasimama, na anayeumia ni mama aliyekuwa akisubiri maji au mtoto aliyekuwa akisubiri dawati.

Hii haina maana ya kuficha wizi. Fedha ya mradi ikipotea, hatua ya pili na ya tatu za Mathayo 18 zipo, na zifuatwe bila woga. Nanyi wafadhili, mkipokea malalamiko, tunaomba swali lenu la kwanza liwe: "Je, mhusika ameambiwa?"

Maswali ya kujadili

1. Katika kamati yetu, ni ugomvi gani uliojulikana nje kabla wahusika hawajakutana?
2. Sisi wengine tulikuwa maji au kuni?
3. Ni nani tunayeweza kumteua, mzee mmoja na kijana mmoja, wawe wa kwanza kuitwa kunapotokea kutoelewana?

Tunaomba kila kamati ijibu swali la tatu kwa majina kabla ya kikao chake kijacho.