Disleksia: sayansi kwanza, daftari baadaye

Mtoto mwenye disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika) anayesomea nyumbani, mpe betri ya tochi ya volti 1.5, balbu ndogo ya tochi ya kizamani (ya LED haitawaka kwa betri moja) na kipande cha waya kabla ya kumpa kitabu. Mwache ahangaike kidogo. Balbu ikiwaka, aonyeshe kwa kidole njia ya umeme kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine. Ndipo umtajie jina: sakiti. Litamkeni pamoja, sa-ki-ti, kofi moja kwa kila silabi. Soketi ya ukutani isiguswe, hata kwa mzaha.

Ripoti ya jaribio si lazima iandikwe. Mchoro wenye mishale unatosha, au maelezo yake aliyoyarekodi kwenye simu. Kama lazima iandikwe, wewe uwe karani wake; akiandika mwenyewe, usimkatize kusahihisha herufi b na d. Hilo lina kipindi chake.

Wenye tableti wajaribu ScratchJr, app ya watoto ya kujifunza kutunga programu za kompyuta: mtoto hupanga vibonye vya picha, bila maneno.

Ila mazoezi ya herufi na sauti zake yaendelee kila siku, kwa muda mfupi. Balbu haifundishi kusoma.