Mkopo wa Kusomea Ualimu

Mnatuuliza sana: mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu una riba? Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyotutia shaka ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo deni ni deni, someni mkataba kabla ya kutia saini.

Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA. Yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi. Hapa ndipo tunapokwama. Tumeona binti hodari, ndoto yake ualimu, akichelewa kwa herufi moja: cheti cha kuzaliwa Hadija, cha kidato cha nne Khadija. Fungueni sanduku la vyeti sasa, mtoto akiwa bado darasani.