Fundi wa Viraka na Jina Lake

Katika Kiswahili, paa ni mnyama wa mwituni, na tena paa ni sehemu ya nyumba ikingayo mvua na jua. Msikilizaji hutambua maana kwa kuyaangalia maneno yaliyo jirani. Ndivyo ilivyo katika Kiingereza pia, na mfano mmoja ni neno "cobbler".

Maana yake ya kwanza ni mtu ashonaye viatu vilivyochakaa. Zamani katika mji wa London kazi za viatu zilikuwa mbili. Aliyeunda viatu vipya kwa ngozi mpya aliitwa "cordwainer", jina litokanalo na Cordoba, mji wa Hispania uliosifika kwa ngozi zake. "Cobbler" alitengeneza vikuukuu, akitia soli na viraka.

Maana ya pili ni ya kudharau: mtu aborongaye kazi yo yote. Huko Marekani iko maana ya tatu, nayo ni chakula. Matunda hutiwa katika bakuli, hufunikwa kwa madonge ya unga uliokandwa, kisha huokwa.

Shakespeare alizichezea maana mbili za kwanza mwanzoni mwa mchezo wake wa Julius Caesar. Mkuu mmoja wa Roma amwuliza mtu kazi yake, naye ajibu ya kuwa yeye ni "cobbler" tu. Mkuu hajui kama huyu ni fundi wa viatu au ni mborongaji, amwuliza tena. Mtu yule asema kwamba hutengeneza soli mbovu. Lakini kwa Kiingereza "soli" na "roho" hutamkwa sawasawa, basi mkuu azidi kukasirika. Tafsiri ya Kiswahili ya mchezo huo, iliyofanywa na Julius Nyerere, ilitoka mwaka 1963. Mfasiri afikapo hapo hupata kazi ngumu, maana katika Kiswahili soli na roho hazifanani kamwe.

Basi msomaji asikimbilie maana ya kwanza aijuayo. Wala asimdharau fundi kwa sababu ya jina. Msafiri aliyetobokewa na kiatu njiani hamtafuti mfalme, humtafuta mtia viraka.

Maswali
1. "Cobbler" na "cordwainer" walitofautianaje?
2. Kwa nini mkuu wa Roma alikasirika?
3. Taja maneno matatu ya Kiswahili yenye maana zaidi ya moja, na kila moja ulitungie sentensi mbili.